Tronsoneze ikikufa msituni: vyombo vidogo vinavyoweza kuokoa mashini, feza na mikono ya mafundi

Kila juma, kwenye barabara ya Mambasa kwenda Beni au ile ya Lubero kwenda Butembo, pikipiki hupita ikiwa na mzigo usio wa kawaida: tronsoneze iliyofungwa kamba nyuma ya dereva, upanga wake umeelekea juu, mafuta meusi yakidondoka. Mashini hiyo haiendi kazini. Inapelekwa mjini kwa fundi, kwa sababu moteri yake imefunga. Mwenyewe amelipa pikipiki, atalipa fundi, atalipa vipande vipya, na atalala mjini siku tatu au juma zima. Huko nyuma, wapasua mbao wawili au watatu aliowaacha wamekaa bure, na mti ulioangushwa unaanza kuliwa na wadudu.

Katika hesabu hiyo yote, kosa lenyewe mara nyingi lilikuwa dogo. Mpira wa kuzuia hewa ulipasuka. Mafuta yalichanganywa vibaya. Parafujo ililegea. Fundi wa kijiji aliye na vyombo vinavyofaa angeliona kosa hilo mapema na kulitengeneza mbele ya nyumba yake, kabla halijala moteri mzima. Lakini fundi wa kijiji ana nyundo, pensi, turnavisi moja na kle mbili. Kwa vyombo hivyo anafungua mashini iliyotengenezwa kwa vipimo vya sehemu ya milimita. Hapo ndipo hasara inapozaliwa.

Vyombo vinavyokosekana si vya bei kubwa. Vingine vinaweza kutengenezwa kwa vitu ambavyo tayari viko sokoni, katika duka la dawa au chini ya kitanda. Vyama vya wapasua mbao, shule za ufundi, wachuuzi wa vipande na serikali za majimbo vina nguvu ya kuviweka mikononi mwa mafundi. Kutofanya hivyo ni kuendelea kulipa bei kubwa kwa uvivu mdogo.

Mashini hii inakufa namna gani

Moteri ya tronsoneze si kama moteri ya gari. Haina hodhi la mafuta chini yake. Mafuta yake ya kulainisha yanakuja pamoja na esanse, katika mchanganyiko mmoja. Kiasi cha mafuta kikipungua, pistoni inasugua silinda kavu kavu. Kiasi cha hewa kikizidi, moto wa ndani unakuwa mkali kupita kipimo, alumini ya pistoni inayeyuka na kujipaka kwenye ukuta wa silinda. Mashini inapiga kelele ya mwisho, kisha inafunga. Wapasua mbao wanasema: imekamata.

Kwa hiyo kazi ya fundi mzuri haianzi siku pistoni mpya inapofika. Inaanza kwa swali moja: kwa nini ile ya kwanza ilikufa? Fundi asiye na chombo cha kupimia hewa hawezi kulijibu swali hilo. Anaweka pistoni mpya, mashini inawaka, mwenyewe anafurahi na kulipa. Baada ya siku chache pistoni mpya nayo imekufa, kwa sababu hewa bado inaingia mahali pale pale. Mwenye mashini anasema fundi ni mwizi. Fundi anasema kipande ni cha bandia. Mara nyingine wote wawili wamekosea: kipande kilikuwa kizima, na fundi alifanya kwa moyo safi, lakini alifanya akiwa kipofu.

Nyundo nayo ina makosa yake. Gurudumu lenye sumaku, lile linalokaa upande wa kamba ya kuwashia, limebanwa sana kwenye mhimili wa moteri ambao mafundi wanaita vilbreke. Bila chombo cha kulivuta, fundi analipiga nyundo pembeni. Mapezi yake yanavunjika, au vilbreke inapinda kidogo kabisa, jicho halioni. Mashini ikirudi kazini inatetemeka, inakula rulema zake, inachosha mikono ya mwenye kuishika. Kupinda huko hakutengenezwi tena kijijini.

Sanduku la fundi lisilo la bei kubwa

Chombo cha kwanza ni kile cha kupimia hewa, na ndicho kinachokosekana kuliko vyote. Viwanda vinauza pompi maalumu kwa kazi hii, lakini ile pompi ya mkono ya chombo cha kupimia tansio, kile ambacho mganga anafunga mkononi mwa mgonjwa, inafanya kazi hiyo vizuri. Saa yake inapanda hadi milimita 300 za zebaki, yaani karibu bar 0,4. Kipimo ambacho mafundi wengi wa tronsoneze wanakitumia ni karibu bar 0,5. Basi saa ya tansio inakaribia kabisa. Chombo cha tansio ambacho kitambaa chake kimechanika hakina tena faida kwa mgonjwa, lakini pompi yake na saa yake bado ni mali kwa fundi.

Namna ya kukitumia ni hii. Fundi anaondoa bomba la moshi na karbirateri, anaziba matundu yote mawili kwa vipande vya mpira wa ndani wa pikipiki vilivyokandamizwa kwa bamba la chuma na parafujo zile zile. Anachukua buji iliyokufa, anavunja na kuondoa kaure yake ya katikati, anaingiza mrija mahali pake na kuubana vizuri. Anaifunga buji hiyo kwenye silinda, anashusha pistoni hadi chini kabisa ili hewa ipite kutoka silinda hadi kwenye kisanduku cha vilbreke, kisha anapiga pompi. Mshale wa saa ukisimama, moteri iko nzima. Ukishuka, anapaka maji ya sabuni kila mahali panapoungana. Povu litamwonyesha tundu.

Kipimo hicho kina mpaka wake. Mipira inayozunguka vilbreke inaweza kuzuia hewa inayotoka lakini ikashindwa kuzuia hewa inayoingia. Ndiyo maana fundi makini anapima pia kwa kuvuta. Pompi ya zamani ya kinga, ile ya ngozi ndani, ikigeuzwa ngozi yake inavuta badala ya kusukuma. Hakuna la kununua hapo isipokuwa subira.

Chombo cha pili ni kamba. Kamba laini ya nailoni, urefu wa mita moja hivi, inaingizwa kupitia tundu la buji ili kusimamisha pistoni wakati fundi anafungua nati ya gurudumu la sumaku au ambriyaji. Wengi wanaingiza turnavisi au parafujo ndefu, na hivyo wanatoboa kichwa cha pistoni. Kamba haitoboi kitu. Sharti ni moja: pistoni iwe imepanda na kufunika tundu la moshi kabla ya kuingiza kamba, la sivyo kamba itabanwa na kukatwa humo. Na fundi akumbuke kwamba katika tronsoneze nyingi ambriyaji inafunguliwa kwa kuzungusha upande wa mishale ya saa, kinyume na desturi. Ambriyaji nyingi zimevunjwa na watu wenye nguvu waliokuwa wanazidi kuifunga wakidhani wanaifungua.

Chombo cha tatu ni cha kuvuta gurudumu la sumaku. Fundi wa kuchomelea vyuma anaweza kukitengeneza kwa bamba nene la chuma lenye matundu matatu: mawili ya pembeni kwa parafujo zinazoingia kwenye gurudumu, moja la katikati kwa bulo kubwa inayosukuma ncha ya vilbreke. Kabla ya kuvuta, nati ya vilbreke inarudishwa hadi ncha, ili mizinga ya parafujo isiharibike. Chuma cha chakavu kutoka kwenye gari la zamani kinatosha.

Cha nne ni vipimo vidogo. Nafasi kati ya bobini na sumaku, kwa mashini nyingi, iko kati ya milimita 0,2 na 0,3. Kadi ya jina ya karatasi ngumu, ile wanayogawa wafanya biashara, inakaribia unene huo. Inawekwa katikati, parafujo zinakazwa, kisha inavutwa. Nafasi ya buji ni milimita 0,5. Seti ndogo ya mabamba ya kupimia, ambayo mafundi wa pikipiki tayari wanaitumia kwa vali, inamaliza kazi zote mbili.

Cha tano ni kle inayofaa kichwa cha parafujo. Tronsoneze nyingi za kisasa zina parafujo zenye tundu la nyota la kipimo cha T27. Kle moja ya T yenye mkono mrefu inafungua karibu mashini yote. Fundi anayetumia kle isiyo yake anakula vichwa vya parafujo, kisha anatumia patasi, kisha anavunja alumini.

Cha sita ni moto mdogo na akili kubwa. Rulema mpya haiingizwi kwa nyundo. Kisanduku cha alumini kinapashwa moto, kinapanuka, na rulema iliyokaa katika barafu inaingia kwa kusukumwa na kidole. Bamba la chuma juu ya babula linatosha. Tone la maji likidondoshwa kwenye alumini na kuruka, joto limefika. Lakini visanduku vya tronsoneze nyingi ni vya magneziamu, na magneziamu ikishika moto haizimwi kwa maji. Kwa hiyo moto usiguse kamwe chuma hicho, unga wake usiachwe karibu na makaa, na esanse ikae mbali, nje ya nyumba.

Cha saba ni sirengi ya duka la dawa ya mililita 20, cha bei ndogo kuliko vyote. Mafuta mazuri ya moteri ya aina hii yanachanganywa sehemu moja kwa hamsini za esanse: mililita 20 kwa kila litre, mililita 100 kwa bidoni ya litre tano. Kwa mafuta ambayo si ya hali ya juu, watengenezaji wanashauri moja kwa ishirini na tano: mililita 40 kwa litre, 200 kwa litre tano. Ni sirengi moja au mbili kwa kila litre. Lakini msituni wengi bado wanapima kwa kifuniko cha chupa, au kwa jicho, au wanamimina mafuta ya gari yaliyokwisha kutumika. Silinda nyingi zimezikwa na kifuniko cha chupa. Buji yenyewe inatoa ushahidi: ikiwa ya rangi ya kahawia, moteri inakula sawasawa, ikiwa nyeupe, inaungua, ikiwa nyeusi na yenye unyevu, inazidishiwa mafuta au karbirateri imefunguliwa kupita kiasi.

Silinda iliyotupwa kabla ya kufa

Kuna hasara nyingine inayofanyika kila siku katika karakana za mashariki. Moteri ikikamata, fundi anaona mistari mieusi ndani ya silinda na kutangaza kwamba imekufa. Mwenyewe ananunua silinda na pistoni pamoja, na hiyo ndiyo sehemu ya bei kubwa. Mara nyingi mistari ile si majeraha ya silinda. Ni alumini ya pistoni iliyojipaka juu ya ngozi ngumu ya kromi au nikeli inayofunika ukuta wa ndani. Ngozi hiyo bado iko chini yake, nzima.

Alumini hiyo inaweza kuondolewa kwa soda kali, ile ile ambayo akina mama wa Butembo na Bunia wanaitumia kutengeneza sabuni. Soda inakula alumini lakini haili kromi wala nikeli. Inapakwa kidogo kidogo kwa pamba iliyofungwa kwenye kijiti, juu ya mistari tu, inaachwa itoe povu, inafutwa, inarudiwa. Kisha silinda inaoshwa kwa maji mengi na kusuguliwa kwa msasa laini. Ukucha ukipita bila kukwama, silinda inarudi kazini na pistoni mpya na pete zake. Ukucha ukikwama, au ngozi ikiwa imebanduka, silinda imekufa kweli.

Kazi hii haipaswi kufanywa kwa mchezo. Soda inapofusha macho. Inachoma ngozi. Mvuke wake unaumiza kifua, na hewa inayotoka humo inaweza kuwaka. Ifanywe nje, kwa glavu na miwani, mbali na moto na watoto, na kamwe isiwekwe katika sufuria ya alumini. Ikidondoka nje ya silinda, itakula mapezi, kwa sababu mapezi yenyewe ni alumini. Fundi asiye na miwani aache. Silinda moja haistahili jicho moja.

Mnyororo ndio unaokula mbao na mikono

Hata moteri iliyotengenezwa vizuri inakufa haraka ikiwa mnyororo hauna makali. Mpasua mbao anaikandamiza mashini, moteri inachemka, na mbao inatoka ikiwa imepinda. Vyombo vya kunoa ni tupa ya mviringo ya kipimo kinachofaa, tupa bapa ya kupunguzia meno ya kina, na kipande cha bati kilichochorwa pembe. Mnyororo mkubwa wa kipimo cha .404, unaofungwa kwenye mashini kubwa za kupasulia, unataka tupa ya milimita 5,5. Ule wa 3/8 unataka ya milimita 5,2.

Na hapa liko jambo ambalo wengi hawakufundishwa. Meno yanayokata mti kwa kuuvuka yananolewa kwa pembe ya digrii 30 hivi. Meno yanayopasua mti kwa urefu wake, kama wapasua mbao wa Ituri na Beni wanavyofanya kutwa kucha, yanafaa pembe ndogo ya digrii 10. Mnyororo wa digrii 30 ukipasuliwa mbao unatetemeka na kuacha uso wa mbao ukiwa na mikwaruzo. Kila mpasuo wa tronsoneze unageuza karibu sentimita moja ya mti kuwa unga. Mpasuo ukipinda, seremala anaongeza kuranda, na sehemu nyingine ya mti inapotea. Libuyu iliyochukua miaka zaidi ya mia kukua haistahili kuishia chini ya mguu wa mtu kwa sababu ya tupa moja.

Kisha kuna mikono. Aina nyingi za zamani za tronsoneze zinazofanya kazi katika misitu ya mashariki hazina breki ya mnyororo. Zile zilizo nayo, mara nyingi breki imeondolewa au imefungwa kwa waya kwa sababu ilivunjika na hakuna aliyejua kuirekebisha. Mashini ikiruka nyuma, hakuna kinachosimama kati ya mnyororo na shingo ya mtu. Fundi anayerudisha mashini kwa mwenyewe bila breki aliyoikuta nayo hajamaliza kazi yake. Na kile kipini kidogo cha chini kinachokamata mnyororo ukikatika ni cha bei ndogo sana. Kukosekana kwake kunaweza kumgharimu mtu vidole.

Je, ni kusaidia kukata msitu?

Wako watakaosema kwamba kuwapa wapasua mbao vyombo bora ni kuwapa kisu wale wanaochinja msitu. Swali hilo ni la haki, na halipaswi kupuuzwa. Msitu wa Kongo unapungua, na tronsoneze ni sehemu ya sababu.

Lakini tronsoneze mbovu haijawahi kuokoa mti. Inauangusha mti ule ule, kisha inautoa mbao chache zaidi. Mpasua mbao aliyepata hasara kwa mashini anarudi msituni na deni, na mtu mwenye deni hachagui mti: anakata mdogo, anakata wa mpaka wa shamba la mwingine, anakata bila ruhusa kwa sababu feza ya ruhusa imekwenda kwenye pistoni. Tena, si kila tronsoneze inaingia msitu wa asili. Kwenye milima ya Lubero na kandokando ya Butembo mashini hizo zinapasua mikaratusi iliyopandwa na watu wenyewe. Zinasafisha barabara miti inapoanguka usiku wa mvua. Zinatoa mbao za madawati, za paa na za majeneza.

Kinacholinda msitu ni sheria inayotekelezwa. Kongo inayo Kodi ya misitu, sheria namba 011/2002 ya tarehe 29 Agosti 2002, inayotaka ruhusa kwa anayekata mbao kwa kazi ya mikono. Inayo pia amri ya tarehe 2 Agosti 2014, inayoruhusu jamii za wenyeji kupata msitu wao wenyewe, hadi hekta 50.000, na kuusimamia. Jamii inayosimamia msitu wake ina sababu ya kutaka kila mti utoe mbao nyingi iwezekanavyo. Hapo sanduku la vyombo linakuwa rafiki wa msitu.

Vita navyo si sababu ya kungoja

Wengine watauliza kama huu ni wakati wa kusema juu ya pistoni. Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa dharura mwezi wa Mei 2021. Waasi wa ADF wameua wakulima na wapasua mbao katika wilaya za Beni, Irumu na Mambasa. Goma ilianguka mikononi mwa M23 mwezi wa Januari 2025, na mabenki ya mji huo yalifunga milango.

Ni kweli, na ndiyo sababu kubwa ya kuwa na vyombo karibu. Barabara ikifungwa, mashini haiwezi kupelekwa mjini. Vipande vinavyopitia Kasindi kutoka Uganda vikichelewa, fundi anayejua kusafisha silinda ya zamani anaendelea kulisha watoto. Familia iliyokimbia inaweza kubeba sanduku la kilo tano kichwani. Haiwezi kubeba karakana. Na kijana mwenye kazi ya mikono inayolipa ana jibu la kumpa yule anayekuja kumwita porini kushika bunduki.

Nani afanye nini

Wa kwanza ni vyama vya wapasua mbao wenyewe. Kila chama kinaweza kuchanga na kununua sanduku moja, likakaa kwa fundi mmoja aliyechaguliwa, likaandikwa katika daftari la chama. Wanachama kumi wakitoa kila mmoja bei ya litre chache za esanse, vyombo vingi vilivyotajwa hapa vinapatikana. Chombo cha chama kisiwe cha mwenyekiti. Vyama vingi vimekufa kwa sababu ya jambo hilo.

Wa pili ni shule za ufundi na INPP, taasisi ya serikali ya kuandaa wafanyakazi, iliyoundwa mwaka 1964. Vijana wanafundishwa moteri ya gari na ya jenereta. Moteri ndogo za tronsoneze, za pompi za maji na za mashini za kukatia majani zinafuata kanuni zile zile, na ziko kila mahali. Mafunzo ya majuma machache, yakifanyika Komanda, Oicha au Luna badala ya mjini tu, yangefikia wale wanaozishika kila siku. Mwalimu asiogope kuwaita mafundi wa zamani wakae darasani. Wanajua mengi, na wanachokosa ni vipimo.

Wa tatu ni wachuuzi wa Butembo, Bunia na Beni. Wanaleta makontena kutoka Dubai na China, na wanajua bei ya kila kitu. Kle ya T27, tupa za vipimo sahihi, mipira ya vilbreke na mafuta mazuri ya kuchanganya havichukui nafasi kubwa katika kontena. Lakini kuuza kipande cha bandia ndani ya boksi lenye jina la kiwanda kinachojulikana ni wizi. Anayeuza cha bei ndogo aseme ni cha bei ndogo, mnunuzi achague mwenyewe.

Wa nne ni serikali. Kodi nyingi, halali na zisizo halali, zinachukuliwa kwenye vizuizi vya barabara juu ya kila mbao inayotoka msituni. Mpasua mbao analipa, lakini haoni kinachorudi. Maliwali wa majimbo wanaweza kuanza na jambo dogo linaloonekana: sehemu ya feza ya ruhusa za kukata irudi katika wilaya kama vyombo na mafunzo, na anayepata ruhusa apewe pia somo la siku moja juu ya kunoa, kuchanganya mafuta na kulinda mwili. Ruhusa ingekuwa na maana zaidi ya muhuri.

Hakuna kati ya haya linalongoja mkutano wa Kinshasa. Pompi ya tansio iko kwenye zahanati, kwenye sanduku la vitu vilivyoharibika. Kamba iko sokoni. Bamba la chuma liko kwa fundi wa kuchomelea. Sirengi iko duka la dawa. Kadi ya jina iko mfukoni mwa mchuuzi. Kinachobaki ni mtu mmoja katika kila kijiji atakayevikusanya, na chama kitakachomwamini kuvitunza.

Siku hiyo ikifika, tronsoneze ikikamata Mambasa haitafungwa tena kwenye pikipiki kwa safari ya siku mbili. Itawekwa juu ya meza ya mbao mbele ya nyumba ya fundi, maji ya sabuni yatapakwa, povu litaonekana, na asubuhi yake wapasua mbao watarudi kazini wakiwa na vidole vyao kumi.